Chungu cha Kikisi jikoni Makete: kisa cha mtoto mwenye selimundu

Mikono ya mtoto ndiyo iliyotushtua. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, ametoka Makete kwa babu na bibi mzaa baba, mwezi Juni, majira ambayo kule asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani. Vidole vyote vimevimba mpaka mgongo wa kiganja, ngozi imevutika inang'aa, na ukimgusa tu anapiga kelele na kuivuta mikono tumboni. Nyayo nazo hivyohivyo. Bibi wa Makete alisema ni baridi yabisi, akamkanda kwa maji ya vuguvugu, akamfunga blanketi, na mtoto akapata nafuu kidogo. Bibi hakukosea kote. Joto lilisaidia kweli, na baridi kweli ndiyo iliyochokoza. Kilichokuwa chini ya hiyo baridi ndicho hakuna aliyekijua.

Mimi ni mjomba wake, na kazi yangu ni kufundisha baiolojia sekondari hapa Mbeya. Dada na shemeji wameniruhusu nikiandike kisa hiki bila majina. Nimekubali kukiandika kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa kwenye kikao cha ukoo, sentensi ambayo nimeisikia pia kwenye nyumba zisizo zetu, na kila niliposikia kuna mwanamke aliyekuwa amekaa pembeni analia.

Kituo cha kwanza tulichompeleka walimpa dawa ya malaria na ya maumivu bila kumtoa damu hata tone, wakaturudisha nyumbani. Siku ya nne macho yakawa ya njano na viganja vyeupe kama karatasi. Hospitali tuliyoenda baadaye, daktari kijana aliishika ile mikono, akaigeuza taratibu, kisha akamuuliza dada swali moja tu: "Ninyi ni wenyeji wa wapi?" Dada akajibu: mimi Kyela, baba yake Makete. Daktari akaandika kipimo cha sikoseli, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Damu ilikuwa gramu 6.4 kwa desilita, pungufu mno. Majibu ya kipimo kikubwa, kile cha kuzitenganisha kwa umeme hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, yalikuja baada ya siku kadhaa: SS. Mtoto ana selimundu.

Lile swali la daktari lilikaa kichwani mwangu muda mrefu. Lilimsaidia kufika haraka, na namshukuru. Lakini nilijiuliza: kama dada naye angesema Makete, je, kipimo kingeandikwa?

Kikao kilifanyika Uyole, nyumbani kwa shemeji, Jumapili baada ya ibada. Walishuka kutoka Makete kwa barabara ya Kitulo na Isyonje: babu mzaa baba, bibi, na shangazi wa mtoto, dada mkubwa wa shemeji. Kwetu alipanda mama yangu kutoka Kyela, na mimi. Baada ya kamwene na ndaga na chai, shangazi ndiye aliyefungua.

"Mwalimu, wewe ni shemeji yetu, tusifichane. Ukoo wetu, tangu mababu, kule milimani hatujawahi kuzika mtoto wa ugonjwa huu. Ni wa kwenu huko chini. Umepanda gari pamoja na bibi harusi."

Ndiyo sentensi yenyewe. Dada aliinuka akaenda jikoni. Mama yangu alikaa kimya, kisha akasema polepole kwamba yeye amezika watoto wawili, wote kabla ya kufika miaka mitatu, na kwamba miaka ile Kyela kila mtoto aliyekufa alikufa kwa homa, basi. Hakuna aliyeulizwa zaidi. Nilikuwa najua habari za hao kaka zangu, lakini sikuwahi kuzisikia zikisemwa mbele ya wakwe.

Nikaomba bakuli mbili na maharage. Jikoni kulikuwa na maharage ya njano na mekundu. Kila bakuli nikaweka moja la njano na moja jekundu. Bakuli hili ni baba, hili ni mama. Njano ni jeni ya hemoglobini ya kawaida, A. Jekundu ni ile ya selimundu, S. Kila mtu ana nakala mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Nikamwomba shangazi afumbe macho, achukue moja huku na moja huku. Akatoa njano mbili. Nikayarudisha. Akatoa njano na jekundu. Nikayarudisha. Mara ya tatu akafungua kiganja: mekundu mawili.

"Huyo ndiye mtoto wetu," nikamwambia. "Sasa nionyeshe ungempataje kama bakuli la baba lingekuwa na njano tupu."

Aliliangalia lile bakuli muda. Haiwezekani, na yeye aliona haiwezekani kabla sijasema. Mtoto wa SS lazima apate S kwa wazazi wote wawili. Dada alikuwa AS. Hilo tulilijua tayari kwa kipimo. Shemeji alikuwa hajapimwa kwa sababu hakuna aliyedhani iko haja. Alipimwa wiki iliyofuata: AS, kama mkewe.

Hapa niweke sawa jambo ambalo hata wanafunzi wangu wa kidato cha nne hulikosea. Wazazi wakiwa AS wote, uwezekano wa kupata mtoto wa SS ni mmoja kwa nne, na ni mmoja kwa nne katika kila mimba. Bakuli halikumbuki. Shemeji alikuwa ameshapiga hesabu kwamba mtoto wa kwanza mzima, wa pili mgonjwa, basi wawili wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Vilevile kundi la damu, yale ya O na A na B anayoyajua kila mtu, halina uhusiano na hili. Kufanana kundi la damu na mwenzako hakukulindi wala hakukuponzi katika selimundu.

Sasa ile hoja ya shangazi, kwamba ugonjwa ni wa huko chini. Sikutaka kuipuuza, maana ndani yake kuna ukweli mkubwa, na ukiukana ukweli huo mtu hakusikilizi tena.

Kyela iko kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari. Joto, mpunga, maji yaliyotuama, mbu mwaka mzima. Makete ni miinuko ambayo sehemu kubwa inazidi meta 2,000. Kimelea cha malaria kinahitaji kukomaa ndani ya mbu kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu, na joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kinakawia kiasi kwamba mbu hufa kabla hakijakomaa. Ndiyo sababu wazee wa milimani waliogopa kushuka ziwani: walijua ukishuka unarudi na homa.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alizunguka na timu kutoka Oxford akipima damu za watu wa Kenya. Aliona kitu kilichomsumbua. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, watu zaidi ya 20 katika 100 walikuwa na S. Nyanda za juu, pungufu ya mmoja. Ramani ya S ilikuwa ikifuata ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mwenye nakala moja ya S, yaani AS, hulindwa dhidi ya malaria kali. Tafiti za baadaye zimeonyesha ulinzi huo ni mkubwa, unapunguza hatari ya malaria kali kwa kama asilimia 90. Kimelea kikiingia kwenye chembe nyekundu ya mtu wa AS hakistawi, na chembe iliyoambukizwa huondolewa mapema na mwili, hasa kwenye bandama.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Kwenye jeni ya beta-globini, sehemu mojawapo ya hemoglobini, katika kromosomu ya 11, herufi moja ya DNA imebadilika: palipokuwa na GAG pako GTG. Matokeo yake kiungo cha sita katika mnyororo wa viungo 146 (amino asidi) vya protini hiyo kinakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Kwa mtu wa SS, hemoglobini ya namna hiyo ikipungukiwa oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ndefu, na chembe inapinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii haimalizi hata wiki tatu. Zile zilizopinda zinaziba mishipa midogo, na kwa mtoto mchanga mahali pa kwanza kuonekana ni vidole. Baridi inabana mishipa, ndiyo maana Juni ya Makete ikafichua kile ambacho uvuguvugu wa miezi iliyotangulia ulikuwa umekifunika. Na miezi sita ya kwanza alikuwa mzima kwa sababu bado alikuwa na hemoglobini ya tumboni, ile anayokuwa nayo mtoto kabla ya kuzaliwa, ambayo haina shida hiyo.

Lakini kama S inaua, kwa nini haijaisha? Hili ndilo swali ambalo babu aliniuliza, na kwa maneno mazuri kuliko ya vitabu vyangu: "Mbegu mbaya, mkulima huiacha. Mungu ameiachaje hii shambani?"

Nilimjibu kwa hesabu, nikaiandika nyuma ya kalenda. Chukua kijiji cha zamani chenye malaria, kabla ya dawa yoyote, ambako S ni moja katika kila nakala kumi. Watoto 1,000 wakizaliwa, takriban 810 watakuwa AA, 180 AS, na 10 SS. Tuseme wale 10 wa SS wanakufa wote, kama ilivyokuwa kwa wengi zamani. Kila mmoja anaondoka na nakala mbili za S, jumla 20 kati ya nakala 200 za S zilizopo. Ni sehemu ya kumi. Ili S ibaki palepale ilipo, A nayo lazima ipoteze sehemu ya kumi: nakala 180 kati ya 1,800. Hizo ni watoto 90 wa AA, wanaokufa kwa malaria.

Makaburi 90 kwa 10.

Babu aliuangalia mstari ule, akamwangalia mama yangu. Sikuwa nimekusudia hivyo, lakini namba zilimfikia kila mtu kwa upande wake. Katika kijiji kama hicho, familia zilizobeba S zililipa kwa watoto wachache na kuokoa watoto wengi, kizazi baada ya kizazi, bila kujua. Huo ndio uteuzi asilia katika damu za watu wenyewe, na ndio mageuko ninayoyafundisha darasani kila mwaka kwa mifano ya nondo, wale wadudu kama vipepeo, wa Uingereza wakati mfano uko Kyela, saa chache kwa basi. Uchambuzi wa vinasaba uliotoka mwaka 2018 ulikadiria kwamba S ilianza kwa mtu mmoja, kama miaka 7,300 iliyopita, kisha ikasambaa na watu waliohama, wakiwemo wale walioleta lugha za Kibantu huku kwetu. Watu wa Kyela hawakuitengeneza. Waliipokea, na malaria ikaitunza kwao.

Kisha nikamuuliza babu kitu ambacho sikuwa na jibu lake. Kama malaria ndiyo inayoitunza S, na Makete haina malaria ya kiasi hicho, hii ya mwanao imetoka wapi?

Shangazi akasema hata yeye anashangaa. Babu alikaa kidogo. Halafu akasema, si kwangu, kwa binti yake: "Mmesahau bibi yenu alikotoka?"

Mama yake babu hakuzaliwa milimani. Alikuwa Mkisi, binti wa mfinyanzi kutoka ukingo wa ziwa, chini ya Milima ya Livingstone. Wakisi ndio wafinyanzi wa ziwa lile mpaka leo. Wanawake wao wanafinyanga, vyungu vinapakiwa mitumbwini kwenda soko la Matema. Na Wakinga wa Makete walikuwa wahunzi, wakishuka na majembe na mikuki ya chuma kuuza kwa Wanyakyusa na watu wa ziwani. Vyungu vikipanda, majembe yakishuka, na pale watu wanapouziana kwa miaka mingi, huoana. Babu wa babu alishuka na majembe, na mwanawe akarudi na mke. Chungu chake kipo mpaka sasa jikoni Makete, cheusi kwa moshi, mdomo umebanduka kipande, bibi anawekea mbegu za maboga. Shangazi alikua akikiona kila siku.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Nje mtoto mkubwa alikuwa anafukuza kuku.

Baadaye babu na bibi walikubali kupimwa. Bibi ni AA. Babu, mwenye miaka zaidi ya 70 na nguvu za kulima viazi mwenyewe, ni AS. Wazazi wa babu hawapo tena, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba S ilitoka kwa yule Mkisi. Baba yake naye angeweza kuwa nayo. Lakini njia yenye maelezo mepesi ni hiyo, na hata ingekuwa nyingine, hoja ya "ukoo wetu hatuna" ilikuwa imekwisha pale babu alipopokea karatasi yake.

Kuna jambo jingine linalofanya hoja ile iwe ya hatari. Hata S isingeletwa na ndoa mpya, haiondoki upesi mahali pasipo malaria. Wabebaji wengi ni AS, wazima kama babu, na uteuzi haugusi mtu mzima. Ukianza na S moja katika nakala kumi, na kila SS akifa bila kuzaa, inachukua vizazi kumi kufika nusu yake, moja katika ishirini. Vizazi kumi ni miaka 250 au zaidi. Kuanzia hapo nusu nyingine inachukua vizazi 20. Kwa hiyo mtu wa Makete, Njombe au Mufindi anayejipa uhakika kwa sababu ya mwinuko anajipa uhakika usiokuwepo. S huko ni chache, na uchache huo haujafika sifuri. Kila shamba la chai, kila gulio, kila chuo kilichojaa vijana hapa Mbeya kinawakutanisha watoto wa mabonde na wa milima. Ndiyo maana nasema daktari asiulize "wenyeji wa wapi" kama mlango wa kupimwa. Vidole vimevimba vyote, damu imeshuka, mtoto ni wa miezi inayofaa: apimwe, awe Mnyakyusa, Mkinga, Mhehe au Msafwa. Inakadiriwa watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, na wengi wanaokufa mapema hufa bila jina la ugonjwa kujulikana, kama pengine kaka zangu.

Kwa mtoto wetu, sehemu iliyotusumbua zaidi ilikuwa ni wapi aishi na wapi atembelee. Watu husikia kwamba selimundu inalinda dhidi ya malaria, wakadhani mgonjwa ndiye aliyelindwa. Ni kinyume. Anayelindwa ni AS. Mtoto wa SS malaria ikimpata inamwangusha haraka kuliko mwingine yeyote, kwa sababu damu yake ni kidogo tayari. Kwa hiyo kwa bibi wa Kyela kuna hatari ya mbu, na kwa bibi wa Makete kuna hatari ya baridi. Bibi wote wawili walitaka kujua ni wapi kubaya zaidi, na mimi nilikataa kuwapa ushindi. Tulipanga hivi: Makete aende Novemba hadi Februari, si Juni wala Julai, na hata hivyo sweta, soksi na kofia visitoke mwilini asubuhi na jioni. Kyela aende na chandarua chake chenye dawa, akiwa anaendelea na dawa ya kumkinga na malaria aliyoandikiwa kliniki. Popote alipo, maji ya kunywa yasipungue.

Anapewa foliki asidi kila siku, na penisilini mara mbili kwa siku mpaka atimize miaka mitano, kwa sababu bandama yake haifanyi kazi ya kumlinda na bakteria. Homa yoyote ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Dada amefundishwa kuipapasa bandama chini ya mbavu za kushoto; ikivimba ghafla na mtoto akapauka, hakuna kusubiri asubuhi. Miezi mitatu iliyopita ameanzishiwa haidroksiyurea, dawa inayouamsha mwili utengeneze tena ile hemoglobini ya tumboni. Tangu hapo hajalazwa. Uzito umeongezeka, na juzi nilimkuta anafinyanga udongo wa uani kwa mikono yote miwili, vidole vyembamba kama vya mtoto mwingine yeyote.

Shangazi alipimwa mwezi Septemba, peke yake, bila kumwambia mtu. AS. Alinipigia simu siku aliyopata majibu, na hakutaja habari za Kyela. Ana binti ameposwa na kijana wa Rungwe, na alitaka kujua kama huyo kijana apimwe kabla ya mahari au baada.

Nikamwambia kabla, ila binti aanze yeye. Akiwa AA, kijana wa watu hana sababu ya kusumbuliwa.